Kwa mashine ya gemu, dawa ya moto si moto

“Fundi, PS3 yangu inawaka taa ya njano kisha inazima. Nimeambiwa niipige bloa ya moto. Niipige dakika ngapi?” Swali hili nimeulizwa na wanafunzi, na wenye vibanda vya gemu, na hata na mafundi wenzangu wa simu. Jibu langu halijabadilika: hata dakika moja usiipige. Ushauri huo unaendelea kuua mashine ambazo zingepona, kwa hiyo leo nitaufuatilia mpaka mzizi wake.

Kwanza tutenganishe magonjwa mawili ambayo watu wameyapa jina moja. Mashine iliyozidiwa na joto huwaka vizuri, hucheza kwa muda, feni huanza kunguruma, kisha hujizima, ukiipumzisha, inarudi. Hiyo ni nzima, inakosa hewa tu. Mashine iliyovunjika ndani haishiki kabisa, au huwaka sekunde chache na kufa, hata kama imelala baridi usiku kucha. Watengenezaji wenyewe waliweka alama za kutofautisha. Kwenye Xbox 360 ya mwanzo, taa mbili nyekundu maana yake joto limezidi. Taa tatu maana yake kuna kifaa cha ndani kilichoharibika. PS3 hutoa onyo la joto kwenye skrini kabla ya kujizima, lakini mwako wa njano unaofuatwa na nyekundu inayopepesa ni hitilafu ya ndani. Anayeshika bloa kabla ya kusoma taa anatibu ugonjwa asioujua.

Sasa tuje kwenye hiyo dawa. Xbox 360 ilitoka mwaka 2005, na kwa muda mfupi wamiliki wengi wakakutana na taa tatu nyekundu. Julai 2007 Microsoft ilirefusha dhamana ya hitilafu hiyo hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili yake. Wakati huo huo watu walikuwa wanafunga mashine kwa taulo na kuiacha iwake ichemke, wengine wakaweka bodi kwenye oveni, na kwetu ikaja bloa. Hoja ilikuwa hii: lehemu chini ya chipu imepasuka, ukiipasha itayeyuka na kushika upya.

Tuipime hoja hiyo kwa namba. Lehemu isiyo na risasi, ambayo sheria ya Umoja wa Ulaya iliilazimisha kwa vifaa vingi kuanzia Julai 2006, huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi za Selsiasi. Hata ile ya zamani yenye risasi ilihitaji 183. Mashine iliyofungwa taulo hujizima yenyewe muda mrefu kabla ya kukaribia hapo. Kwa hiyo taulo haikuyeyusha lehemu ya mtu yeyote, kamwe.

Bloa ya fundi inaweza kufika nyuzi hizo, lakini inapiga mahali pasipo na ugonjwa. Chipu ina viungo vya tabaka mbili: vijipira vikubwa vya lehemu kati ya chipu na bodi, na vidogo mno ndani ya chipu yenyewe, kati ya kipande cha silikoni na kibao kinachokibeba. Silikoni hutanuka kidogo sana ikipata joto. Kibao hutanuka mara kadhaa zaidi. Kila ukiwasha na kuzima, viungo vya ndani vinavutwa huku na huku, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa hadi ukatike. Mwaka 2021, katika filamu ya historia ya Xbox iliyotolewa na Microsoft wenyewe, Todd Holmdahl, aliyekuwa mkuu wa vifaa vya Xbox, alieleza kwamba viungo vilivyokatika vilikuwa ndani ya vipuri vyenyewe, kwa sababu ya joto kupanda na kushuka. Basi hata anayekubadilishia vijipira vyote vya chini ya chipu kwa bei kubwa hajagusa ufa wenyewe.

“Mbona ya jirani ilipona?” Haikupona. Joto lilitanua vipande, nyuso mbili za ufa zikagusana, umeme ukapita. Kwenye PS3 kuna mshukiwa mwingine, zile kapasita bapa za NEC/TOKIN zilizozeeka, nazo hupata nafuu ya muda zikipashwa joto. Nafuu hiyo hudumu siku au wiki kadhaa, fundi ameshalipwa, na mgonjwa anarudi akiwa na bodi iliyopinda, soketi za plastiki zilizoyeyuka na kapasita zilizovimba. Kama ubovu ulikuwa kwenye kapasita hizo, zingebadilishwa mapema na mashine huenda ingekuwa hai hadi leo. Na oveni inayopika chakula cha familia isiingizwe bodi hata mara moja, kwa sababu ya mvuke wa kemikali za bodi hiyo.

Kuna hali moja tu ambapo nafuu ya muda ina faida: kuokoa data. Diski ya PS3 imefungwa kwa mashine yake. Ukiihamishia kwenye nyingine itataka ifutwe kwanza. Mashine ikifufuka kwa bahati, nakili kila kitu siku hiyo hiyo, usicheze.

Kwa mashine inayochemka tu, fanya haya. Chomoa umeme, toa vumbi, na ukipuliza shikilia feni isizunguke. Ifunguliwe, krimu kavu ya kupitisha joto juu ya chipu ifutwe kwa spiriti safi na kupakwa mpya, kiasi kidogo tu. Dawa ya meno si mbadala, hukauka upesi. Usiiweke kwenye zulia wala ndani ya kabati la televisheni. Iachie nafasi ya kiganja kila upande, na kitambaa cha urembo kiondolewe ikiwa inawaka. Wa Dar es Salaam, Mombasa, Tanga na Unguja, joto na hewa ya chumvi vinawataka msafishe mara nyingi zaidi. Mwenye kibanda, mashine ipumzike kati ya zamu. Kwa iliyovunjika, pima kapasita kwanza. Ikiwa ni chipu, ibadilishwe kwa mpya au mashine iuzwe vipuri. Ukinunua ya mtumba, chukua PS3 nyembamba ya kuanzia 2009 au Xbox 360 S ya 2010: chipu zake ni ndogo na hutoa joto pungufu.

Na kabla hujamwachia mtu mashine yako, muulize maswali mawili: ataweka kipuri gani, na dhamana ni ya miezi mingapi. Akijibu kwamba ataipasha tu na dhamana hakuna, ichukue mashine yako na uondoke.