Diwali: Sikukuu ya Taa na ya Daftari Jipya

Kila mwaka, kati ya Oktoba na Novemba, wakati wengi wetu tunangojea mvua za vuli na kutafuta mbegu, kuna siku unaenda mjini unakuta duka la vifaa limefungwa, mlangoni kumechorwa maua ya rangi, na jioni fataki zinalia. Mtu anakwambia tu, "Leo ni Diwali ya Wahindi," nawe unarudi nyumbani bila mabati. Vikundi kadhaa vimetuuliza hii Diwali ni kitu gani hasa, na kwa nini mwenye duka anayewauzia kwa mkopo huwadai sana siku zile. Tumeona tuieleze kwa urefu kidogo, maana hawa ni jirani zetu, na deni la kikundi limo ndani ya vitabu vyao.

Kwanza tusahihishe jambo moja. Si kila Mhindi ni Mhindu. Mhindi ni mtu ambaye asili yake ni upande wa India. Mhindu ni mtu wa dini ya Kihindu, yule ambaye wazee wetu walimwita Baniani. Kati ya Wahindi wa Kenya kuna Waislamu, kama Waismaili na Mabohora. Kuna Kalasinga wenye vilemba. Kuna Wagoa, na wengi wao ni Wakatoliki kabisa. Kuna pia Wajaini, na akina Shah wengi unaowaona wakifanya biashara ni wa dini hiyo. Kwa hiyo usimkimbilie kila Mhindi kumpa mkono wa Diwali.

Jambo lingine ambalo watu husema bila kuchunguza ni kwamba wenye maduka wote ni wajukuu wa vibarua wa reli. Reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria ilijengwa kati ya 1896 na 1901, na vibarua kama 32,000 waliletwa kutoka India, wengi wao wakiwa watu wa Punjab. Walio wengi walirudi kwao. Wafanyabiashara ni mkondo mwingine: walitoka Gujarat, magharibi ya India, na baadhi yao walikuwa wakivuka bahari kwa majahazi kabla reli haijafikiriwa. Ndio waliotuachia maneno tunayotumia kila siku bila kujua asili yake: pesa, laki, hundi, bima, cheti, gari. Tazameni, karibu yote ni maneno ya biashara na ya karatasi. Na Diwali yao nayo ni hivyo hivyo, ina ibada lakini ina hesabu pia. Hapa tutafuata zaidi desturi ya Gujarat.

Jina na tarehe

Jina kamili ni Dipavali, neno la Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Dipa ni taa, avali ni safu. Safu ya taa, basi. Taa zenyewe ni vibakuli vidogo vya udongo, vinatiwa samli au mafuta na utambi wa pamba, vinapangwa mlangoni, dirishani na juu ya ukuta.

Kwa nini tarehe inahama kila mwaka? Kwa sababu Diwali huangukia usiku usio na mwezi kabisa, ule wa giza totoro, na miezi yao inahesabiwa kwa mwezi wa angani. Miezi 12 ya namna hiyo ni kama siku 354, pungufu ya siku 11 kwa mwaka wetu. Waislamu wanaiacha tofauti hiyo ijiendee, ndiyo sababu Idi huzunguka majira yote ya mwaka. Wahindu hufanya tofauti: karibu kila baada ya miaka mitatu wanaongeza mwezi mmoja mzima, ili sikukuu zisiyaache majira yake. Ndiyo maana Diwali haitoki nje ya Oktoba na Novemba. Mwaka 2025 ilikuwa Oktoba 20. Mwaka 2026 ni Novemba 8. Sheria ya sikukuu za Kenya inaitaja kuwa siku ya mapumziko kwa watu wa dini ya Kihindu.

Wanakumbuka nini? Hapo inategemea unamwuliza nani. Wengi watakusimulia juu ya Rama, mwana wa mfalme wa Ayodhya, aliyefukuzwa kwao akakaa msituni miaka 14. Mke wake Sita alitekwa na Ravana, mfalme wa Lanka. Rama akapigana, akamshinda, akamrudisha mkewe, na watu wa Ayodhya wakawasha taa kuwaangazia njia ya kurudi. Mji huo uko mpaka leo kaskazini ya India, na mwaka 2024 ziliwashwa taa zaidi ya laki 25 kando ya mto wake, Sarayu. Lakini ukienda kusini ya India wanasimulia habari za Krishna alivyomuua Naraka, mtawala mwovu. Huko Bengal usiku huo ni wa mungu wa kike Kali. Wajaini wanakumbuka kufa na kukombolewa kwa mwalimu wao Mahavira, na Kalasinga wanakumbuka kuachiliwa kwa Guru Hargobind kutoka ngome ya Gwalior. Kumbe ni sikukuu moja yenye milango mingi.

Siku zenyewe

Diwali huchukua siku tano hivi. Kabla yake nyumba hufagiliwa mpaka juu ya kabati, kuta hupakwa rangi, vitu vilivyovunjika hutupwa. Wanaamini Lakshmi, mungu wao wa kike wa neema na mali, haingii penye uchafu. Siku ya kwanza, Dhanteras, watu hununua kitu cha madini: dhahabu kwa mwenye nacho, sufuria au kijiko kwa asiye nacho. Siku ya pili huko Gujarat ina desturi moja iliyotufurahisha. Mama wa nyumba hukaanga vidonge vya dengu, huvipeleka njia panda na kumwaga maji hapo, kisha hurudi bila kutazama nyuma. Anasema ameutoa ugomvi nyumbani. Kama ugomvi unatoka kweli sisi hatujui, lakini angalau mtu amekiri kwamba ulikuwemo!

Siku ya tatu ndiyo Diwali yenyewe, na ndiyo inayovihusu vikundi. Kwa hesabu ya Gujarat hii ni siku ya mwisho ya mwaka. Jioni mfanyabiashara huleta vitabu vyake vipya vya hesabu, vile virefu vyenye jalada la kitambaa chekundu. Vinaitwa chopda, na ibada yake huitwa Chopda Pujan. Vitabu huwekwa mbele ya picha ya Lakshmi, ya Ganesh mwenye kichwa cha ndovu, na ya Sharda, mungu wao wa kike wa elimu. Ukurasa wa kwanza hauandikwi deni wala mauzo. Huandikwa neno Shri, la heshima na baraka, mara moja juu, chini yake mara mbili, kisha tatu, mpaka linakuwa kama paa la nyumba. Pembeni huandikwa maneno mawili, Shubh na Labh. La kwanza ni heri, la pili ni faida. Huwekwa tambuu, popoo na sarafu, kisha kitabu hufungwa.

Utaona pia alama ya msalaba uliopindwa miguu. Wengine wetu wakiiona wanashtuka, wanakumbuka Hitler. Alama hiyo ni ya India tangu kale sana, ni ya baraka. Chama cha Hitler kiliichukua mwaka 1920 tu. Jirani yako hana habari na Hitler.

Siku hizi mambo yamebadilika. Mwaka wa kodi huko India huanza Aprili 1, na hesabu ziko kwenye kompyuta. Basi mahali pengi utakuta kompyuta ndiyo imewekwa mbele ya picha, imepakwa alama nyekundu. Hata soko la hisa la Bombay, tangu 1957, hufunguliwa kwa muda kama wa saa moja siku ya Diwali ili watu wanunue hisa kwa baraka. Na tuseme ukweli: ibada haisahihishi hesabu. Kitabu cha uongo nacho kinaweza kuwekewa sarafu na popoo. Ila desturi inamlazimisha mwenye duka kufunga cha zamani kabla hajafungua kipya, na hapo ndipo deni lenu linapoibuka.

Tuseme kikundi kilichukua mabati 40 mwezi wa nne, kikalipa mara tatu, na risiti ya pili imepotea. Mwenye duka akija kufunga kitabu ataandika malipo mawili. Salio hilo litahamishwa na kuwa mstari wa kwanza wa kitabu kipya, na kile cha zamani kitaingia stoo. Ukienda Januari kulalamika, karani mpya atakuonyesha ule mstari wa kwanza tu, na kwake huo ndio ukweli. Kwa hiyo nendeni mapema, wiki mbili kabla ya Diwali, si siku ile ile ambapo dukani kuna vurugu. Mweka hazina aende na mwanachama mwingine, na daftari la kikundi na risiti zote. Ombeni msomewe mstari kwa mstari. Palipo na tofauti, pasemwe pale pale vitabu vyote viwili vikiwa wazi. Mkikubaliana, mwenye duka aandike salio na kuweka sahihi ndani ya daftari lenu, nanyi muweke ndani ya lake. Huyo mzee wa duka naye siku hizo anataka mambo yaishe vizuri kabla ya mwaka mpya, kwa hivyo mara nyingi atasikiliza kuliko mwezi mwingine wowote.

Ikiwa hamna pesa za kumaliza deni, semeni hivyo. Kuhamisha deni hadi kitabu kipya si jambo geni kwake. Kinachomuudhi ni mdaiwa anayejificha mpaka Diwali ipite.

Siku inayofuata ni mwaka mpya wa Gujarat. Alfajiri kabisa, huko kwao, watu hupita wakiuza chumvi, na kila nyumba hununua kidogo kwa ajili ya baraka. Vijana huinama kugusa miguu ya wazee, watoto hupewa pesa, na waliokosana huombana msamaha. Hekaluni hupangwa mlima wa vyakula visivyo na nyama, Annakut, kumkumbuka Krishna aliyewauliza wafugaji kwa nini wanamtolea sadaka Indra, mungu wa mvua, wakati kilima na ng'ombe ndivyo vinavyowalisha. Indra akakasirika akaleta gharika. Krishna akakiinua kile kilima cha Govardhan kwa kidole, watu na mifugo wakajikinga chini yake siku saba. Siku ya tano kaka huenda kula kwa dada yake.

Biashara nyingine hufunguliwa siku ile ile ya pili, nyingine hungoja hadi siku ya tano ya mwaka mpya, Labh Pancham, siku ya faida. Ulizeni mapema. Kama mbegu, dawa ya mifugo au misumari mnanunua kwa mtu mmoja tu, nunueni kabla, kwa sababu vuli haingoji.

Kuna habari nyingine ya India inayotuhusu. Huko pia kuna vikundi vya kujisaidia, hasa vya akina mama, watu kati ya 10 na 20, na tangu mwaka 1992 kuna mpango wa kuviunganisha na benki. Vikundi vingi vya namna hiyo hufinyanga taa za udongo, kuzipaka rangi na kuziuza msimu wa Diwali. Mtaji ni mdogo: udongo, jua na tanuri. Shida yao ni ile ile mnayoijua. Soko ni la wiki chache tu, mvua ikichelewa kukatika taa hazikauki, na dukani kuna mataa ya umeme ya bei nafuu kutoka China. Wafinyanzi wa Kumbharwada, ndani ya mtaa wa Dharavi mjini Mumbai, ambao asili yao ni Gujarat, huanza kazi miezi mingi kabla, ili msimu ukifika waweze kuuza tu.

Mmeuliza kuhusu chakula. Sanduku la vitamu au la chevda ambalo mwenye duka humpa kila mteja ni zawadi ya ujirani. Chakula cha Annakut ni tofauti, hicho kimetolewa kwanza mbele ya sanamu. Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya jambo kama hili katika sura ya 8 na ya 10 ya barua ya kwanza. Someni wenyewe kikundini. Anayekataa akatae kwa adabu, kwa mikono miwili na shukrani.

Na salamu? Siku ya Diwali sema "Shubh Diwali". Kesho yake, mwaka mpya, Wagujarati husema "Sal Mubarak". Sal ni mwaka kwa Kiajemi, na hiyo mubarak mnaijua tayari kwa jirani zetu Waislamu.