Fahamu: Kipato cha kaya ya katikati hupimwaje katika kaunti za Marekani?

Ni nini?
Panga kaya zote za kaunti kuanzia maskini hadi tajiri, kisha itazame iliyosimama katikati. Kaya 5 zikipata dola 20,000, 30,000, 40,000, 50,000 na 1,000,000 kwa mwaka, ya katikati ina 40,000. Wastani ungekuwa 228,000, kiasi ambacho kaya 4 kati ya hizo hazijakikaribia.

Kwa nini ni makadirio?
Marekani ina kaunti zaidi ya 3,000. Kaunti ya Loving, Texas, ilihesabiwa watu 64 tu katika sensa ya 2020. Kipato huulizwa kwa sampuli, na hapo sampuli ni watu wachache mno. Dodoso la kila mwaka la Ofisi ya Sensa hutoa takwimu za mwaka mmoja kwa maeneo yenye watu 65,000 au zaidi. Kwingine hukusanywa majibu ya miaka 5. Mpango uitwao SAIPE huchanganya dodoso hilo na kumbukumbu za kodi na za msaada wa chakula, ukikadiria kila kaunti kila mwaka.

Kulinganisha miaka
Hapa ndipo wengi huteleza. Ondoa kwanza mfumuko wa bei. Pia usilinganishe takwimu za miaka 5 za 2014–2018 na za 2015–2019: miaka 4 ni ileile.