Vinundu vya Nyuma ya Ulimi, na Wembe wa Kimeo

Washa tochi ya simu, simama mbele ya kioo cha hosteli, utoe ulimi mpaka mwisho. Kule nyuma kabisa, ukibahatika, utaona vinundu vimejipanga kama herufi V, ncha ikielekea kooni. Mwanachuo akiviona mara ya kwanza usiku wa kuamkia mtihani, basi tena: badala ya kusoma noti anasoma saratani mtandaoni.

Vinundu hivyo tumezaliwa navyo. Kwa kawaida huwa kati ya 8 na 12, kila kimoja na upana wa milimita 1 hadi 2 hivi, kimezungukwa na kihandaki chembamba. Kwenye kuta za kihandaki ndiko viliko vionja ladha, na chini yake kuna vitezi vinavyomwaga majimaji ya kukisafisha, ladha ya tonge hili isiharibu ya tonge lijalo. (Ile ramani ya shuleni, kwamba uchungu huonjwa nyuma tu na utamu mbele, isahau. Ilitokana na utafiti wa Mjerumani Hänig wa 1901 uliokuja kueleweka vibaya.)

Ukivuka V, ulimi unabadilika: una mabonge ya tezi za kinga, ndugu wa tonsesi, ambayo huweza kuvimba ukiwa na mafua. Na pale kwenye ncha pana kishimo. Hapo ndipo ilipoanzia tezi ya shingo, ile ikivimba tunaita goita, mimba ikiwa na wiki 4 hivi, kisha ikashuka. Kwa watu wachache haishuki, inabaki kama uvimbe katikati ya shina la ulimi, na wengi wao hawana nyingine. Ukikatwa bila kupimwa, utameza vidonge maisha yako yote.

Kukatwa ndiko kunakonitia wasiwasi. Kimeo kinaning'inia juu ya eneo hilohilo, na sehemu nyingi za Tanzania mtu akikohoa sana anaambiwa kimeo kimerefuka, kikatwe. Kutoka Hombolo hadi hospitali kubwa za Dodoma mjini ni safari, ndiyo maana fundi wa jirani anavutia. Lakini wembe wake unaweza kuleta damu isiyokata, pepopunda, au usaha kooni, na kikohozi kikabaki palepale. Kikohozi kilichopita wiki 2 kinataka kupimwa makohozi ya kifua kikuu, na kipimo hicho ni bure.

Kwa ulimi wenyewe, angalia ulinganifu. Vinundu vya kawaida vipo kushoto na kulia. Ukiona uvimbe wa upande mmoja, kidonda kisichopona wiki 3, damu, au kumeza kunakouma hadi sikioni, panda gari siku hiyohiyo, mtihani utaombewa ruhusa.