Kazi ya Mauzo: Kijana Ahame au Abaki?



Si kila kijana anayeandikwa kiwandani hubaki kwenye mashine. Wengine hutolewa bohari au upakiaji, wakapewa pikipiki ama nafasi katika gari la kampuni, wakaanza kuuza sabuni, sukari au majani ya chai toka Jinja mpaka Iganga, Mbale na Tororo. Kabla mwaka haujaisha, kampuni nyingine huwaita. Hapo huja ofisi ya tawi na swali moja: niende? Hapa Uganda swali hilo lina upande wa hesabu na upande wa sheria, na mara nyingi kijana amepiga nusu ya hesabu tu.

Tuseme leo anapata mshahara wa msingi wa shilingi 600,000 na kamisheni ya wastani wa 150,000. Jumla ni 750,000 kwa mwezi, na petroli ni ya kampuni. Kampuni ya pili inampa msingi wa 300,000 na kamisheni ya asilimia 2, na inamwambia kwamba atafikisha 700,000 ya kamisheni peke yake. Milioni moja! Nani hatashawishika? Lakini ili apate hiyo 700,000 lazima auze bidhaa za shilingi 35,000,000 kila mwezi. Kwa siku 26 za kazi, hiyo ni zaidi ya 1,300,000 kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Sasa aulize petroli ni ya nani. Ikiwa ni yake, na anatumia 10,000 kwa siku, 260,000 zinaondoka. Mwezi mzuri kabisa unamwachia 740,000, chini ya anazopata leo. Mwezi ambao watu wanalipa karo za shule na maduka hayanunui, akiuza nusu tu, kamisheni ni 350,000, na baada ya petroli anabaki na 390,000.

Ndiyo maana tunasema mshahara wa msingi utazamwe kwanza. Sheria haitamsaidia sana hapo: kima cha chini kilichotangazwa Uganda mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, na mswada wa kukibadilisha uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 haukutiwa saini. Msingi anaoukubali kwenye barua ndio msingi atakaokuwa nao.

Jambo la pili ni neno "wakala". Kampuni nyingine hazimwandiki muuzaji kuwa mfanyakazi. Humwita wakala anayejitegemea. Kwa neno hilo moja hupoteza mengi. Mfanyakazi hukatwa asilimia 5 kwa ajili ya NSSF na mwajiri huongeza asilimia 10 yake. Kwa mapato ya 750,000 mwajiri anaweka 75,000 kila mwezi. Hupata likizo ya malipo, siku 7 kwa kila miezi minne ya kazi. Akianguka na pikipiki akiwa kazini, ana haki ya fidia. Wakala akivunjika mguu barabarani, mguu ni wake na hospitali ni yake. Barua ikisema wakala, sisi tunamshauri asitie saini kabla haijabadilishwa.

Pia akumbuke kwamba huko anaanza upya. Muda wa majaribio unaweza kufika miezi sita, na katika muda huo anaweza kuachishwa kwa notisi ya siku 14 tu.

Akiisha kuamua kwenda, aondoke vizuri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inadai notisi kutoka pande zote mbili: wiki mbili kwa aliyefanya kazi zaidi ya miezi sita lakini hajatimiza mwaka, mwezi mmoja kwa aliyetimiza mwaka mpaka miaka mitano. Lakini kinachowaumiza wauzaji zaidi ya notisi ni deni la wateja. Muuzaji huacha mali kwa mkopo katika maduka ishirini, kisha anahama. Miezi miwili baadaye anaambiwa mali ilipotea mikononi mwake. Basi kabla ya kuondoka azunguke madukani pamoja na atakayempokea, kila mwenye duka akubali deni lake kwa maandishi, bidhaa zilizobaki zihesabiwe, na msimamizi atie saini. Nakala moja abaki nayo nyumbani. Aandikiwe pia kamisheni ambayo bado hajalipwa, kwa sababu baadhi ya makampuni hulipa mteja akishalipa, na aliyekwisha ondoka ni rahisi kusahauliwa. Aombe na cheti cha utumishi. Ni haki yake.

Wapo wanaosema kijana asihame kabisa mpaka atimize miaka miwili. Sisi hatukubaliani nao. Ikiwa kamisheni haijalipwa miezi mitatu, au anakatwa kwa upungufu wa mali ambao hakuusababisha, alete malalamiko tawini, na huku atafute pengine. Lakini ikiwa analipwa sawasawa na hajazunguka eneo lake mwaka mzima, hajui bado mwezi upi unauza na upi haununui. Bila kujua hilo, ahadi ya kampuni ya pili hawezi kuipima.

Barua ya ajira ailete tawini kabla ya kutia saini, pamoja na karatasi zake za mshahara za miezi sita iliyopita.