Tapi mupya juu ya mbao za kuoza?

Ninyi baba, mama na vijana wa kambi, mashua ya motere inaweza kuonekana nzuri kabisa, kumbe chini ya tapi imeoza. Yetu ilikuwa vile pale Tshangalele, lile ziwa la baraji ya Mwadingusha. Mutoto wetu wa miaka 6 aliruka ndani, mguu ukapita sakafu mpaka kwenye goti. Hakuumia sana, lakini kama tungekuwa katikati ya maji?

Watu wengi wanazani maji ya ziwa njo yanaozesha sakafu. Mara nyingi ni mvua: tapi inainywa, inakaa nayo siku nyingi, na ukungu unakula triplesi polepole.

Tulingojea mwezi wa 6, wakati hakuna mvua, tukang'oa tapi yote. Tulichoma mbao na kisu. Pale kiliingia laini, tulikata mpaka kufika mbao ngumu. Mbavu za chini pia, maana njo zinabeba sakafu. Tukaacha yote ikauke. Triplesi mupya tuliipaka rezini pande zote, zaidi kwenye kingo na matundu ya visi, pale maji yanapenda kuingia. (Kama mashua ni ya alumini, usitie mbao za dawa ya shaba: shaba inakula alumini.)

Tapi ilikuja mwisho, ya plastiki, si ya pamba. Mama watoto aliuliza kama ni lazima. Kusema kweli, hapana. Inazuia kuteleza, basi. Tuliibandika na kole isiyoogopa maji. Sasa, kila kisha mvua, tunainua kifuniko, tunagusa chini na mukono.