Lori Lililopinduka Mikese Bila Kupinduka

Saa nne na dakika kumi asubuhi simu yangu ilitoa mlio. Nikasoma: "ZOEZI. Lori la petroli limepinduka Mikese, jirani na soko. Dereva ameumia. Watu wanakuja na madumu. ZOEZI."

Ndugu msomaji, lori halikuwapo. Tulikuwa watu 22 tumebanana kwenye madawati ya darasa moja: watendaji, wenyeviti wa vitongoji, muuguzi wa zahanati, vijana wa bodaboda, mama lishe mmoja mwenye kibanda kando ya barabara kuu, na mimi mtu wa redio. Kazi yetu siku hiyo ilikuwa kuigiza maafa kwa kutumia simu za mkononi, ili tujifunze namna ya kuzungumza na wananchi kwenye mitandao ya kijamii pindi yatakapotokea ya kweli.

Wanaosafiri kutoka Dar es Salaam wanaijua Mikese. Ukishaiona safu ya Uluguru imesimama mbele yako, umebakiza kilometa kama 30 kuingia Morogoro mjini. Malori ya mafuta yaendayo Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi hupita hapo usiku na mchana. Na hakuna mtu wa Morogoro anayehitaji kuelezwa kwa nini mwezeshaji wetu alichagua lori la petroli. Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka. Waliokufa, pamoja na waliofia hospitalini siku zilizofuata, walizidi 100. Rais Magufuli alitangaza siku tatu za maombolezo. Mkanda wa video uliozagaa kwenye simu ulionyesha watu wakizunguka lori wakiwa na madumu ya njano. Mkanda ule ulifika mbali sana. Lakini mtu aliyehitaji kufikiwa na neno "ondoka" alikuwa hatua chache tu kutoka kwenye tangi, au alikuwa nyumbani akitafuta dumu tupu.

Zoezi lenyewe huendeshwa hivi. Mwezeshaji hufungua kundi la WhatsApp la watu waliomo darasani peke yao. Mkononi ana karatasi yenye matukio na saa zake. Kila baada ya dakika chache anatupia kundini jambo jipya: swali la mwandishi wa habari, picha ya uongo, mzazi anayemtafuta mwanawe, kijana anayewatukana viongozi. Hutangaziwi kitakachofuata. Ninyi mnajibu kama ambavyo mngejibu siku ya kweli, na yeye anaandika pembeni mmetumia dakika ngapi.

Lile neno ZOEZI mwanzoni na mwishoni mwa kila ujumbe si pambo. Tarehe 13 Januari 2018, kule Hawaii nchini Marekani, mtumishi mmoja alirusha kwenye simu za wananchi tahadhari kwamba kombora linakuja, tena ikaongezwa kuwa hilo si zoezi. Kumbe asubuhi hiyo ofisini kwao walikuwa wakifanya zoezi. Zilipita dakika 38 kabla ya ujumbe wa kusahihisha kuzifikia simu zile zile. Gavana alikwishaarifiwa mapema kuwa ni kosa, lakini alichelewa kuwaambia watu kwa akaunti yake ya Twitter, na baadaye akakiri kwamba hakuwa ameshika neno la siri la kuifungulia.

Tulicheka tuliposimuliwa hayo. Tulicheka kwa muda mfupi. Kundi letu la zoezi liliundwa kwa kuiga lile la kata, ambalo wanaoruhusiwa kuandika ni wasimamizi watatu tu. Mmoja alikuwa mjini kwenye kikao, simu ameizima. Wa pili bando lilikuwa limekwisha. Wa tatu alikuwapo, lakini akasema hawezi kuandika neno kabla mkubwa wake hajaliona. Dakika 31 zilipita, ndugu msomaji, kwa saa ya mwezeshaji, na lori letu la karatasi linavuja.

Hapo ndipo nilipojitosa mimi. Nina stashahada ya uandishi wa habari na nimekaa mbele ya kipaza sauti miaka mingi, nikaona huu ni uwanja wangu. Nilimwandikia mtendaji taarifa: "Uongozi wa kata unapenda kuwaarifu wananchi kuwa imetokea ajali ya lori la mafuta katika eneo la Mikese. Wananchi wanaombwa kuwa watulivu. Taarifa kamili itatolewa baadaye." Nikaisoma mara mbili. Nikaipenda.

Mama lishe akaisogeza simu karibu na macho, akaisoma kwa sauti, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, mimi hapa jiko langu la mkaa linawaka. Nizime au nisizime?"

Sikuwa na jibu. Katika sentensi zangu tatu nzuri hapakuwa na hata neno moja ambalo lingemwokoa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama maji, ukalifuata jiko au injini ya pikipiki iliyo mbali na tangi. Mimi nilikuwa namwomba awe mtulivu.

Mchana tulirudia tukio lile lile tangu mwanzo. Safari hii ujumbe uliotoka ulisomeka hivi: "ZOEZI. Lori la petroli limepinduka sokoni Mikese. Usiende. Uliye karibu ondoka sasa hivi, zima jiko, usiwashe kiberiti wala pikipiki. Kama umemtuma mtoto na dumu, mrudishe. Zimamoto wameitwa kwa namba 114. Tutazungumza tena saa 8:40. ZOEZI." Ulitoka dakika ya nne. Hauna hata sifa moja ya taarifa rasmi niliyofundishwa chuoni, nami nautetea. Unasema kinachojulikana, unasema mtu afanye nini, unasema tutaonana tena saa ngapi. Na saa 8:40 ikifika ni lazima useme, hata kama huna jipya, kwa sababu ukikaa kimya atasema mwingine.

Na alikwisha sema. Mwezeshaji alitutupia picha ya lori lililoungua, picha ya ajali ya zamani, na maneno kwamba Mikese wamekufa watu 40. Kijana wa bodaboda alitaka kuirudisha kundini akiwa ameichora alama nyekundu na neno UONGO. Nilidhani ni wazo zuri, lakini mwezeshaji akatuonyesha kasoro yake: picha huonwa na wote, maneno husomwa na wachache, na ukiituma tena unaisaidia kusafiri. Tukaandika tu kwamba hadi saa 8:40 lori halijawaka moto, na aliyeumia ni dereva peke yake.

Hilo "hadi saa 8:40" lina kazi kubwa. Ndege ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, idadi ya waliookolewa ilibadilika siku ile ile, mpaka ikajulikana kuwa kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 wamefariki. Siku kama hiyo namba lazima ibadilike, kwa maana watu wanatolewa majini huku wengine wanahesabu. Anayetaja namba pamoja na saa yake huweza kuisahihisha baadaye asionekane mwongo.

Mazoezi ya aina hii si mageni kwetu, ingawa mara nyingi huishia kwa wakubwa. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga hutaka kiwanja kiigize ajali kwa ukamilifu walau mara moja kila miaka miwili. Na kuanzia tarehe 11 hadi 14 Juni 2019, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliendesha zoezi Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, watu wakijifanya kwamba homa ya Bonde la Ufa imezuka na inavuka mpaka. Walipima mambo mengi, na namna ya kuwapasha wananchi habari ikiwa mojawapo. Darasa letu la Mikese lilikuwa dogo mno mbele ya hayo. Gharama yake ilikuwa chai, maandazi na bando.

Niseme jambo ambalo huenda lisiwapendeze baadhi ya wakubwa. Yule msimamizi wa tatu hakuwa mzembe. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayoadhibu kueneza habari za uongo, na mtumishi mdogo akiikumbuka huona usalama wake uko katika kunyamaza. Nani amemwambia kwa maandishi, kabla ya siku ya ajali, kwamba anaruhusiwa kusema "ondokeni" bila kuuliza? Hapo Mikese waliamua siku hiyo hiyo: maneno ya kuwaondoa watu hatarini yasisubiri kibali, kinachosubiri ni idadi, majina na chanzo. Wakaongeza wasimamizi wawili wanaokaa kijijini, mmoja akiwa mama lishe.

Muuguzi naye alikumbusha kwamba wengi hawana simu za kuperuzi, na mtandao wenyewe hupotea. Ikakubaliwa bodaboda wawili wapite mbali na eneo wakitangaza kwa mdomo, na vipaza sauti vya misikiti na kengele za makanisa vitumike. Maneno yawe yale yale ya kwenye simu, asitokee mtu wa kutunga yake.

Zoezi lijalo litafanyika usiku, bila kutangaziwa saa. Nimeomba nipangiwe kuwa mwenyekiti wa kitongoji. Wamesema watafikiria, ila taarifa ya kwanza ataandika mama lishe.