Kutoka Mshtuko wa Shaba hadi Kuporomoka kwa Sarafu: Mizizi ya Mdororo wa Uchumi nchini Zaire

Utangulizi

Migogoro ya fedha hueleweka vibaya pale chanzo chake kinapochanganywa na tukio lililoidhihirisha. Kuanguka kwa uchumi wa Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mara nyingi huhusishwa na bei ya shaba. Makala haya yanaeleza kwamba bei hiyo ilichochea mgogoro, lakini kilichougeuza kuwa mdororo wa miongo miwili ni udhaifu wa taasisi zilizopaswa kuudhibiti.

Mshtuko wa miaka ya 1973–1976

Tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza sera ya Uzairishaji. Mashamba, maduka na kampuni nyingi za wageni zilikabidhiwa raia, wengi wao wakiwa watu wa karibu na utawala. Wamiliki wapya wengi waliuza bidhaa walizozikuta bila kuagiza nyingine, na biashara baina ya miji na vijiji ikadhoofika. Mwaka uliofuata bei ya shaba, baada ya kufikia kilele mwezi Aprili, ilishuka kwa zaidi ya nusu. Mwaka 1975 vita vya Angola vikaifunga reli ya Benguela, iliyosafirisha madini ya Shaba (Katanga) hadi bahari ya Atlantiki. Wakati huo serikali ilikuwa imekwisha kukopa kwa ajili ya miradi mikubwa, ukiwamo ule wa njia ya umeme ya Inga–Shaba yenye urefu wa takribani kilomita 1,700. Mwaka 1976 wadai wa Klabu ya Paris walikubali kulipanga upya deni lake.

Kwa nini uchumi haukupona

Kupanga upya deni huongeza muda wa kulipa, lakini hakuzibi ufa. Mwaka 1978 Shirika la Fedha la Kimataifa lilimpeleka Erwin Blumenthal katika Benki Kuu ya Zaire. Aliondoka mwaka uliofuata, na ripoti yake ya mwaka 1982 ilieleza kwamba wadai hawakuwa na matumaini ya kulipwa maadamu ufisadi wa watawala ungeendelea.

Kampuni ya umma ya Gécamines nayo ilikamuliwa mapato bila mitambo yake kukarabatiwa ipasavyo. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ilibomoka. Uzalishaji wa shaba, uliozidi tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ulikuwa chini ya tani 50,000 mwaka 1994.

Hazina ilipokauka, serikali ilichapa noti. Mwanzoni mwa mwaka 1993 wafanyabiashara waliikataa noti ya zaire milioni tano, na askari waliolipwa nayo wakazusha ghasia Kinshasa. Mwezi Oktoba zaire mpya moja ikachukua nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani, ilhali mwaka 1967 zaire moja ilikuwa na thamani ya dola mbili za Marekani.

Wakazi wa Kasai waliikataa sarafu hiyo mpya, wakaendelea kutumia noti za zamani. Kwa kuwa noti hizo hazikuchapishwa tena, bei za Kasai hazikupanda kwa kasi ya Kinshasa.

Hitimisho

Kasai na Kinshasa zilikuwa chini ya serikali moja na ziliathiriwa na anguko lilelile la shaba. Kilichozitofautisha ni wingi wa noti. Kwa washauri wa sera, basi, swali la kiwango cha msamaha wa deni hutanguliwa na mengine mawili: nani anaweza kuiamuru Benki Kuu kuchapa fedha, na mapato ya madini huingia katika bajeti kwa njia ipi. Majibu yasipopatikana mapema, mshtuko wa mwaka mmoja huweza kulipwa na kizazi kizima.